Mswada wa Rafiki Yako Ukikataliwa: Anza na Barua Yenyewe

Rafiki akikuambia mswada wake umekataliwa, neno la haraka huwa ni "hao hawajui kazi nzuri" au "hata waandishi wakubwa walikataliwa". Nia ni njema, lakini la kwanza linamgeuza mhariri kuwa adui, ilhali huenda rafiki yako akamwandikia tena mwakani. La pili linampima kwa watu ambao safari yao tayari imefika. Mimi ni mhariri, na ninashikilia kwamba msaada wa kweli unategemea aina ya barua aliyopokea.

Siku ya kwanza, hata hivyo, barua iacheni. Muulize tu kama anataka kulizungumza au mliweke kando. Usitoe maoni juu ya kazi yenyewe, hata kama kasoro uliiona zamani. Zuia mambo mawili: kumjibu mhariri kwa hasira, na kufuta mafaili. Mwambie ajitumie nakala ya mswada kwa barua pepe, basi.

Zikipita siku mbili tatu, kaeni muisome pamoja. Barua ya jumla, ile ya "haikidhi mahitaji yetu kwa sasa", hutumwa kwa kila mtu. Hakuna kilichofichwa ndani yake, na kukesha mkifasiri hilo "kwa sasa" ni kujichosha bure. Pengine toleo limejaa, pengine wameshakubali kazi yenye mada hiyohiyo, pengine urefu haulingani: hadithi ya maneno 7,000 ikipelekwa kwa jarida lenye kikomo cha 5,000 inaweza kurudishwa bila kusomwa.

Barua yenye maoni mahususi ni jambo jingine kabisa. Wahariri hawana muda wa kuwaandikia hivyo watu wote, kwa hiyo anayemtaja mhusika fulani amesoma kwelikweli. Tuseme ameandika: "Sauti ya bibi imenivutia, ila mgogoro umechelewa kuanza." Rafiki yako atasikia "umechelewa" peke yake. Chukua penseli, pigia mstari nusu ya kwanza ya sentensi, kisha fungueni mswada mtafute ukurasa ambao mgogoro unaanza. Mkiukuta ukurasa wa 9 katika hadithi ya kurasa 20, lile neno zito limegeuka kazi inayofanyika: kurasa zipi zipunguzwe, na habari gani zihamishiwe kurasa za baadaye. Na mhariri akimalizia kwa "tutumie kazi nyingine", msisitizie rafiki yako kwamba mwaliko huo ni wa kweli. Aliyevunjika moyo huuona kuwa adabu tu, akaupoteza.

Ikiwa wameomba arekebishe na kuwasilisha tena, mlango bado uko wazi, ingawa si ahadi.

Asiuandike upya mswada mzima kwa sababu ya barua moja ya jumla; haijamwambia kitu. Wasomaji wawili au watatu wasiojuana wakigusa pahala palepale, hapo pana tatizo. Wakipingana, uamuzi ni wake.

Ukitaka kumsomea, omba kurasa 10 za mwanzo. Weka alama pembeni pale ulipochoka, ulipopotea na ulipotamani kujua zaidi. Usimwandikie sentensi upya, maana atakuwa anarekebisha sauti yako badala ya yake.

Kisha msaidie kutengeneza jedwali: jina la kazi, ilikotumwa, tarehe, muda waliosema watajibu, jibu lenyewe, na itakakofuata kwenda. Kabla ya kutuma tena, someni kanuni za uwasilishaji neno kwa neno. Angalieni aina ya faili, idadi ya maneno, kama jina la mwandishi lifichwe (mashindano mengi hutaka hivyo), na kama wanaruhusu kazi iwe imetumwa kwingine wakati huohuo. Wewe kagua barua ya utangulizi, ile inayoambatana na mswada, kwa sababu yeye ameizoea mno: mara nyingi hubaki na jina la mchapishaji aliyemkataa, na kosa hilo huonekana kwenye mstari wa kwanza.

Kuwa macho pia na ofa zinazomfikia akiwa bado na uchungu. Mtu atasifu mswada kupita kiasi, kisha amdai fedha za kuuchapisha. Kulipia huduma kama uhariri au upangaji wa kurasa si vibaya ikiwa ameamua kujichapishia, mradi bei na kazi vimeandikwa. Ila anayejiita mchapishaji, anatoza mwandishi na bado anachukua haki za kazi, aulizwe: haki zipi, kwa miaka mingapi, nakala ngapi, nani atazisambaza, na mkataba unavunjwaje? Asipojibu kwa maandishi, mshauri rafiki yako asitie sahihi.

Na kama wewe pia unaandika, na kazi yako imekubaliwa palepale alipokataliwa, mwambie mwenyewe mapema, kwa maneno machache, kabla hajaiona kwenye orodha ya kazi zilizokubaliwa.