Dengi Si Ugonjwa wa Uchafu, Jamani

Nilikuwa nimejiapiza nisiandike tena juu ya jambo hili. Kisha juzi, kwenye mkutano wa wakazi, mzee mmoja akasimama: "Mwanangu, sisi hapa tumefyeka nyasi, tumezibua mitaro, taka zote tumechoma. Sasa hii dengi imetokea wapi?" Watu wakampigia makofi, nami nikamjibu kwa mkato kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu kumjibu mzee. Naomba nimjibu upya hapa, kwa adabu.

Mzee wangu, imetoka kwenye pipa la maji safi, huenda lile lililo nje ya chumba unacholala.

Mbu wa mtaroni ni Culex, yule anayekulilia sikioni usiku. Anopheles wa malaria ana madimbwi yake huko nje. Aedes aegypti, anayeeneza dengi, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, ni mbu wa nyumbani kama kuku alivyo ndege wa nyumbani. Huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, na hupenda kifundo cha mguu kilichojificha chini ya meza. Ukimfukuza kabla hajashiba, anahamia kwa aliyeketi karibu nawe, na ndiyo maana nyumba moja huweza kulaza watatu kwa wiki moja. Mayai yake anataka kuyataga kivulini, ndani ya kitu chenye kuta na maji yaliyotulia: pipa, tangi, tairi, sahani ya chini ya chungu cha maua. Ukizibua mtaro umemhamisha Culex, nami nakushukuru kwa kunipunguzia kelele za usiku, ila Aedes hana habari.

Ndiyo maana neno "usafi" linanikera kwenye mabango yetu. Linampa cheti mtu asiyestahili. Nimeingia nyumba ambayo sakafu yake inang'aa hadi unaogopa kukanyaga, na uani kuna mapipa manne yamejaa viluwiluwi. Mwenye nyumba si mchafu hata kidogo. Bomba linatoka siku mbili kwa wiki, naye ana watoto wa kuogesha, kwa hiyo anaweka akiba. Baya zaidi, tukishauita ugonjwa wa uchafu, kumwonyesha mtu viluwiluwi ni kumtukana mbele ya majirani. Anafunika tangi upesi, anasema ufunguo wa uani umepotea. Nimefungiwa milango mingi kwa sababu ya neno hilo moja, na milango hiyo ndiyo niliyoihitaji. Kama jamii inataka kupigana na dengi kwa dhati, basi kudai maji yatoke bombani kila siku ni sehemu ya kazi, sawa na kushika brashi ya kusugulia mapipa.

Sasa nije kwenye brashi, maana hapa ndipo hata wanaoelewa wanapokosea.

Watu wakishakubali kwamba tatizo ni chombo, wanamwaga maji. Vizuri. Wanajaza tena, halafu siku chache baadaye viluwiluwi wamerudi na mimi naambiwa nimedanganya. Jike la Aedes hatagi majini. Anataga ukutani mwa chombo, juu kidogo ya mstari wa maji, na mayai yanagandia pale, meusi, madogo kama vumbi la mkaa. Maji yakimwagwa, mayai yanabaki. Yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa bila kufa. Siku utakayojaza chombo, maji yakayafikia, yanaanguliwa. Na si yote kwa pamoja: mengine husubiri kulowa mara ya pili au ya tatu, kama mtu asiyeamini salamu ya kwanza. Kwa hiyo tairi lililohifadhiwa pakavu tangu msimu uliopita bado limebeba kizazi kizima.

Dawa yake ni kusugua. Brashi ngumu, si kitambaa, kuanzia mdomoni mwa chombo hadi chini, ukikazana pale palipo na alama ya maji. Kisha suuza, na maji hayo uyamwage kwenye ardhi kavu. Fanya hivyo kila baada ya siku saba, kwa sababu kutoka yai kuanguliwa hadi mbu kuruka ni kama siku 7 hadi 10 kukiwa na joto. Ukisema "mara moja kwa mwezi" umewaacha mbu waruke awamu hata tatu. Tangi lisilowezekana kumwagwa linahitaji dawa ya kuua viluwiluwi au kifuniko cha kweli. Wanaotumia dawa ya bakteria, yaani Bti, wajue kwamba lazima iliwe ndipo iue, na pupa, yaani kiluwiluwi aliyekaribia kugeuka mbu, hali chakula. Ukiweka dawa leo, pupa wa leo watatoka wakiwa mbu, usije ukanipigia simu.

Kifuniko nacho kina vituko vyake. Bati lililowekwa juu ya pipa likaacha upenyo wa vidole viwili limempa mbu kile kile anachokitafuta, maji na giza. Kama huna kifuniko kinachobana, tumia wavu mwembamba uliofungwa kwa mpira, ukazwe usibonyee katikati ukatengeneza kidimbwi cha juu.

Kwa nini kazi hii iwe ya jamii na si ya kila mtu kwake? Kwa sababu mbu huyu hasafiri sana, mara nyingi haendi zaidi ya mita mia moja au mia mbili, na jike mmoja hugawa mayai yake katika vyombo kadhaa, hayaweki yote mahali pamoja. Ukisugua kwako peke yako, umemwachia vyombo vya jirani. Halafu yuko yule asiye na jirani wa kumsuta: jengo lisilokamilika, rundo la matairi, nyumba iliyofungwa, shule wakati wa likizo. Huyu ni mbu wa mchana, na mchana watu wako shuleni na kazini. Kampeni inayohesabu kaya tu imesahau nusu ya siku.

Kuhusu kupuliza dawa ya moshi nitasema kwa ufupi. Moshi unaua mbu wanaoruka saa ile. Aedes mara nyingi yuko ndani, nyuma ya kabati au katikati ya nguo, na watu hufunga madirisha gari likipita. Mayai na pupa hauwagusi. Katikati ya mlipuko una nafasi yake ndogo. Unapendwa kwa sababu unaonekana na una kelele.

Tunabishana wenyewe kwa wenyewe kuhusu mahali pa kuelekeza nguvu. Tukihesabu pupa badala ya kuhesabu vyombo, mara nyingi tunakuta vyombo vichache ndivyo vinavyotoa mbu wengi. Mimi niko upande wa wanaosema tuwaache watu wapumue kidogo kuhusu vizibo vya chupa, tuyatafute mapipa makubwa. Wenzangu wanasema ukiruhusu kizibo leo, kesho wataruhusu ndoo. Huenda wana haki.

Kuna mengine yanayoninyima raha. Vipimo vyetu vya asilimia ya nyumba zenye viluwiluwi havitabiri mlipuko vizuri. Singapore iliwahi kuwapunguza mbu hawa kwa miaka mingi, na dengi ikarudi, kwa sehemu kwa sababu kizazi kilikua bila kinga. Aina za kirusi ni nne, na kuugua moja hakukukingi na nyingine kwa muda mrefu. Mara ya pili huweza kuwa kali zaidi. Brazili ilitangazwa mwaka 1958 kuwa imemwondoa Aedes aegypti, kazi ya wakaguzi waliopita nyumba kwa nyumba. Mbu akarudi.

Jaribio ninalolipenda lilifanyika Nikaragua na Meksiko, matokeo yakatoka 2015. Jamii zenyewe zilikaa, zikatazama takwimu za maeneo yao, zikaamua la kufanya bila kemikali. Maambukizi kwa watoto yalipungua kwa takriban 30%. Wengine huiona namba hiyo ndogo. Mimi nikiifikiria wodi iliyojaa, watatu kati ya kumi kutofika kabisa, naona si haba. Ila sitamwambia mtu kwamba akisugua kila Jumamosi dengi itaisha. Vietnam walifika mbali zaidi katika baadhi ya maeneo kwa kuweka matangini kijidudu cha majini jamii ya kamba na kaa, Mesocyclops, anayekula viluwiluwi wachanga, lakini wao walikuwa na matangi makubwa na visima vinavyomfaa. Penye matairi na ndoo hana pa kuishi.

Nikiri pia kwamba mwaka jana niliandika ripoti kali kuhusu vyombo vya maji maofisini, na nilipoinua kichwa nikaona viluwiluwi wakicheza ndani ya chupa ya mmea uliokuwa dirishani pangu. Mimi ndiye niliyeuweka.

Lile ninalolisahau kila mkutano ni mgonjwa mwenyewe. Siku chache za homa ndipo damu yake inapoweza kumwambukiza mbu, na mbu huyo baada ya siku 8 hadi 12 hivi anaanza kuambukiza wengine hadi afe. Kwa hiyo mgonjwa alale ndani ya chandarua mchana, saa ambazo kila mtu anakikunja. Anywe maji mengi, apewe paracetamol, asipewe aspirini wala ibuprofen kwa sababu zinaongeza hatari ya kuvuja damu. Homa ikishuka kisha tumbo likaanza kumuuma sana, akatapika mfululizo au akatoka damu kwenye fizi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Wengi hudhani kushuka kwa homa ni kupona, na hapo ndipo hatari inapoanzia.