Pancha njiani, na ufunguo wa nati ya loki haupo

Zitazame nati za gurudumu moja la gari lako. Kama nne zina pembe sita na ya tano ni ya mviringo, ina ua au mifereji isiyoeleweka katikati, hiyo ya tano ni nati ya loki. Spana ya tairi iliyokuja na gari haiishiki. Inataka kipande kidogo cha chuma ambacho upande mmoja kina mchoro unaoingia kwenye huo wa nati, na upande wa pili kina pembe sita za kupokea spana. Kipande hicho kikipotea, spea tairi na jeki uliyobeba ni mzigo tu.

Wanaonipigia simu kwa shida hii wengi wana magari yaliyotumika Japani. Mwenye gari wa kwanza alinunua rimu za bei, akaweka loki ili zisiibiwe. Baadaye gari likapita mnadani, yadi, melini, bandarini, kwa wakala, ndipo likafika kwako. Kila aliyelishika njiani alikuwa na nafasi ya kupoteza ufunguo, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuutafuta, maana hakuna aliyepata pancha. Magari yaliyotumika Uingereza nayo, hasa VW, Audi, BMW na Land Rover, mara nyingi huja na loki, wakati mwingine zikiwa zimefunikwa kofia za plastiki kiasi kwamba mnunuzi hajui hata kama zipo.

Mazungumzo huenda hivi:

"Fundi, samahani kwa usumbufu. Niko mbele kidogo ya Mlandizi, tairi la nyuma limeisha upepo. Nati nne zimefunguka, moja imegoma kabisa."

"Pole sana, dada. Hizo nne zirudishe kwanza, uzikaze."

Wengi hudhani sijawasikia vizuri. Ila nati nne zikilegea, gurudumu lote linaning'inia kwenye ile moja, na gari likishapandishwa jeki rimu inavuta upande na kuibana zaidi. Loki hufunguliwa ya kwanza, gari likiwa bado limekaa chini, na nyingine zikiwa zimekaza. Kwa hiyo rudisha nati, shusha jeki, weka mawe kwenye magurudumu na pembetatu zako nyuma ya gari, halafu tuanze upya.

Kitu cha kwanza ni kuutafuta ufunguo vizuri, si kupapasa droo ya dashibodi na kukata tamaa. Fungua mkoba wa jeki. Inua zulia la buti, toa spea tairi, angalia kwenye sponji lililoshika vifaa. Fungua vifuniko vya pembeni mwa buti. Angalia chini ya viti, mifuko ya milango, kijisanduku cha katikati. Halafu mpigie aliyetoa tairi mara ya mwisho, awe fundi pancha au fundi wa breki, kwa sababu ufunguo mara nyingi hubaki ndani ya boksi (soketi) la mashine yake ya kufungulia nati. Hapo ndipo nyingi zinapopatikana.

Haupo? Basi jiulize kama gurudumu linahitaji kutoka. Tairi la tubeless lililochomwa msumari kwenye uso unaokanyaga barabara linazibwa likiwa palepale kwenye gari. La mbele, kata usukani mpaka mwisho, uso wa tairi utajitokeza nje. La nyuma, sogeza gari taratibu, hatua moja au mbili, mpaka msumari uje mahali mkono unafika. Fundi pancha wa kijiweni anang'oa msumari kwa koleo, anasugua tundu kwa ile pini yenye meno, anachomeka kamba yenye gundi, anakata mkia, anajaza upepo na kumwagia maji ya sabuni. Ikiwa hakuna povu, unaondoka. Boda akimleta na pampu yake, kazi haichukui muda. Kwangu kiraka hicho ni cha kukufikisha mjini kwa mwendo wa wastani. Ukifika, tairi litolewe likaguliwe ndani. Tobo likiwa ubavuni, kamba haifai kabisa, usikubali hata akikuapia.

Kama tairi linapoteza upepo polepole, pampu ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la umeme la gari inaweza kukufikisha kwa vituo. Jaza, tembea, simama uangalie. Ila usiendeshe tairi lililolala. Kuta zake zinasagika kwa ndani, na rimu iliyokuwa inalindwa na loki unaiharibu mwenyewe.

Ikibidi nati itoke, njia ya kawaida ni ya nguvu. Loki nyingi ni duara imara upande wa nje. Fundi anachukua boksi la meno 12 lililo dogo kidogo kuliko nati, lile ambalo karibu linakataa kuingia, analigongea kwa nyundo nzito mpaka lishike, kisha anazungusha kwa mkono mrefu, kwa nguvu ya polepole bila kushtua. Likitoka, nati imebaki ndani ya boksi, inasukumwa kwa kupitisha chuma upande wa pili. Tumia boksi la bei rahisi, maana linaharibika. Yapo pia maboksi maalumu yenye mifereji ya mzunguko ndani, ambayo kadiri unavyofungua ndivyo yanavyozidi kuuma. Mtaa wa Gerezani pale Kariakoo, Dar es Salaam, yanapatikana, na gereji inayopokea magari mengi isiyokuwa nayo inanishangaza. Nyundo iwe na kiasi lakini, kwa sababu kila pigo linapita kwenye beringi.

Zipo loki zenye pete ya nje inayozunguka bure. Hizo boksi likigongewa pete inazunguka, nati imetulia. Mpaka pete ivunjwe kwanza, na chuma cha ndani ni kigumu, drili ya kawaida inateleza juu yake. Usimruhusu mtu ajaribu hilo kando ya barabara. Lipeleke gari gereji kwa breakdown.

Hapa ndipo atakapotokea mtu na wazo la kuchomelea nati ya kawaida juu ya loki. Joto la kuchomelea linafanya kazi, nimeona, lakini ndiyo njia ninayoiogopa kuliko zote. Mpira ukipata joto kali hutoa gesi ndani ya tairi, na gesi hiyo inaweza kulipuka, hata tairi lililokuwa halina upepo wa kutosha. Tairi la namna hiyo linaua. Kwa uchache kabisa sindano ya ndani ya valvu itolewe ili upepo uishe wote, betri ikatwe, na waya wa ethi ubanwe jirani na nati yenyewe ili umeme usipite kwenye beringi. Hata hivyo vikifanyika vyote, kwangu jibu bado ni hapana mpaka njia za boksi zishindikane.

Loki ikishatoka, utaambiwa uweke nati yoyote. Si yoyote. Toyota nyingi ndogo zina stadi (zile skrubu ambazo nati hufungwa juu yake) za milimita 12 zenye uzi wa 1.5, yaani milimita 1.5 kutoka jino hadi jino; Subaru na Nissan nyingi zina milimita 12 hizohizo lakini uzi wa 1.25. Ukilazimisha moja kwa nyingine unaua stadi. Nati sahihi inaingia kwa vidole mizunguko kadhaa kabla ya spana kuguswa. Kisha tazama makalio yake, yaani upande unaokaa kwenye rimu: rimu nyingi za Toyota za kiwandani zinataka nati yenye shingo na washa bapa, rimu nyingi za kununua zinataka ya koni, na za kiwandani za Honda hutaka ya mviringo kama mpira. Zikichanganywa, gurudumu linalegea barabarani. Nati za Toyota ndogo nyingi hukazwa kwa Nm 103 (kipimo cha nguvu ya kukaza), na baada ya kilomita 50 hadi 100 zikazwe tena.

Binafsi, gari la kawaida lenye rimu za kawaida ninalivua loki zote nne siku hiyohiyo. Boksi na nyundo anazo mwizi kama ninavyo mimi. Mwenye rimu za thamani kweli anunue za pete inayozunguka, zenye kadi ya namba. McGard, kwa mfano, hutoa namba ambayo kwayo unaagiza ufunguo mwingine. Piga picha ya kadi hiyo, ufunguo uwekwe pamoja na jeki, na mkataze fundi kuutumia kwenye mashine ya upepo, kwa sababu mdomo wake unapasuka kirahisi. Loki ifungwe kwa mkono.