Mtungi wa Gesi Kutoa Umande Si Ushahidi wa Kupunjwa

Tangu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uzinduliwe mwaka 2024, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, mitungi ya gesi imeingia katika nyumba zilizozoea mkaa. Malalamiko nayo yametufikia sisi wa Wakala wa Vipimo. Moja hujirudia kila msimu wa baridi: moto umefifia, mtungi umelowa umande kwa nje, basi muuzaji kaiba. Wauzaji wanaopunja wapo, nao tutawafikia. Ila umande haumtii mtu hatiani.

Gesi ya mtungini, ambayo ni mchanganyiko wa gesi mbili, propani na butani, iko katika hali mbili: chini kimiminika, juu yake mvuke, na jiko huchoma mvuke. Chembe za kimiminika hupishana huku zikivutana. Zenye kasi zaidi huchomoka na kuwa mvuke, na zinazobaki ni za mwendo wa pole. Mwendo ukipungua, joto limepungua; kimiminika hupoa, chuma hupoa, na unyevu wa hewani hutona juu yake. Kwa kawaida alama ya umande huonyesha kimiminika kimefika wapi, kwa hiyo mlalamikaji huwa ametuletea picha ya gesi aliyobakiwa nayo.

Baridi ya Makete au Njombe huongeza tatizo. Kwa nyuzijoto 20, propani husukuma kuta za mtungi kwa presha inayozidi mara nane ile ya hewa ya kawaida. Kwa nyuzi 40 hukaribia mara kumi na nne. Butani kwa nyuzi 20 ni kama mara mbili tu, na karibu na sifuri hukosa msukumo kabisa. Mtungi wenye butani nyingi utasuasua asubuhi ya Julai. Kilo zake ni zilezile.

Na hapa naomba tusikilizane. Kuumwagia mtungi maji ya moto, kuusogeza karibu na jiko au kuulaza "gesi ishuke" hakuongezi hata gramu moja. Ukiupasha moto, chembe za chuma hutetemeka zilipo, hazihami, kwa hiyo chuma hutanuka kidogo mno. Kimiminika kilichomo hutanuka mara nyingi zaidi, ndiyo maana mtungi hujazwa takriban asilimia 80 ya nafasi na si pomoni. Ukiulaza, kimiminika chenyewe ndicho kinachoingia kwenye rigulata, na lita moja yake hugeuka kuwa lita 250 hivi za mvuke. Jikoni kwako.

Wanaodamka alfajiri kununua petroli wakitumaini kuwa baridi huifanya lita iwe "nzito" nao wapo. Petroli hutanuka takriban asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja, hilo ni kweli, lakini tangi la kituo limefukiwa ardhini ambako joto halipandi na kushuka na jua. Lala.

Sasa upimaji. Mtungi huuzwa kwa kilo kwa sababu uzito haujali joto. Soma uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa juu yake; tuseme ni kilo 16.4. Wa kilo 15 uliojaa lazima usome 31.4. Mwambie muuzaji aweke mtungi kwenye mizani mbele yako, kabla ya kulipa. Kwanza mizani isome sifuri ikiwa tupu, iwe imesimama sehemu tambarare, na iwe na stika ya ukaguzi ya Wakala wa Vipimo ambayo muda wake haujapita. Kagua lakiri kwenye koki: iwe nzima, haijachezewa. Muuzaji asiye na mizani, nenda kwa mwingine, kisha toa taarifa. Kutumia mizani isiyohakikiwa ni kosa, kupunja uzito ni kosa jingine, na Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inaruhusu faini, kifungo au vyote viwili. Anayekiri anaweza kutozwa faini bila kufikishwa mahakamani, anayekana hupelekwa.

Ukija kulalamika, njoo na mtungi ambao lakiri yake haijakatwa, pamoja na risiti. Uliokwisha kupikia wiki mbili tutaupima, lakini hatutaweza kusema nani kaichukua gesi.