Pistoni za kiwandani, presha ya Nairobi na joto la Mombasa

Kila Disemba naanza kuhesabu Subaru. Watu wa bara wanashuka pwani kwa sikukuu, na hawakosi vijana wawili watatu wenye Forester za tabo (feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) zilizoongezwa nguvu Nairobi. Wengi hurudi kwao salama. Wachache huja gerejini kwangu wakivutwa na bredauni.

Wa mwisho aliletwa kutoka Mariakani. Moshi wa samawati, oili imetapakaa mpaka ndani ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo), na silinda namba 4 imebaki na kompresheni isiyofika nusu ya wenzake. Kabla hata sijafunga boneti akaniuliza, "Fundi, si niliambiwa injini ya Japani inabeba nguvu za farasi 300 bila kufunguliwa?"

Inabeba. Lakini swali hilo halijibiki kwa namba moja, kwa sababu farasi peke yao hawavunji kitu.

Namba ya farasi ni zao la vitu viwili: toki, yaani nguvu inayozungusha kranki, na kasi ya mzunguko. Ukitaka farasi 300 kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, unahitaji toki ya Nm 351 hivi. Ukiwataka haohao 300 kwenye mizunguko 4,000, toki inapanda mpaka Nm 527. Karatasi ya daino, mashine ya kupima nguvu, itaandika 300 kote kuwili, ilhali konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na kranki) za gari la pili zimebeba mzigo mara moja na nusu. Sasa tabo ndogo ya Forester hujaa mapema, na fundi anayetaka mteja asikie kiti kinamsukuma mgongo huongeza presha ya tabo hukohuko chini, kwenye mizunguko 3,000. Hapo ndipo konrodi zinapopinda. Mizunguko mingi nayo ina adhabu yake (kutoka 7,000 hadi 8,000 mvuto kwenye konrodi unaongezeka kwa asilimia 31), ila Forester ya kupeleka watoto shule haifiki huko, tuiache.

Kwenye EJ205, injini ya Forester hiyo, konrodi si ya kwanza kufa. Pistoni hutangulia. Na hapa inabidi tuelewane kwa maneno. Gerejini tukisema injini imenoki tunamaanisha beringi ya konrodi imekwisha, unasikia ko-ko-ko kutoka chini. Mimi nasema jambo jingine, nitaliita kugonga. Plagi imewasha, moto unatembea vizuri, kisha mchanganyiko wa hewa na petroli uliobaki pembeni ya silinda unajilipukia wenyewe kabla moto haujaufikia. Presha iliyotakiwa kusukuma sasa inapiga nyundo. Isitoshe, mawimbi yake yanakwangua utando wa hewa tulivu unaoukinga uso wa pistoni, na joto linaingia moja kwa moja kwenye aluminiamu.

Pistoni ya injini hii ina kipenyo cha milimita 92. Presha ya bar 100 juu yake ni sawa na kuitwika karibu tani 6.8, na mlipuko safi wa kiasi hicho inauvumilia kwa miaka. Kinachoishinda ni nyundo. Pistoni hizi zimesubiwa, yaani zimemiminwa kwenye kalibu, hazikufuliwa, na aluminiamu yake ina silikoni nyingi. Haitanuki sana, ndiyo maana injini inawaka asubuhi bila kelele, lakini ni ngumu kama kigae. Ukuta mwembamba ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili ndio unaomeguka. Nilipofungua injini ya yule kijana, kipande cha ukuta huo chenye upana wa ukucha kilikuwa hakipo. Ncha za ringi ya juu zilikuwa zinang'aa kama kioo. Maana yake ringi ilipata joto, ikatanuka mpaka pengo lake likaisha, ncha zikakutana.

Kwa nini basi gari hilo lilitembea Nairobi miezi minane bila tatizo?

Alikuwa amefungiwa kirekebisha presha cha mkono, kile cha skrubu, kikawekwa bar 1.2. Saa ya presha inahesabu kuanzia hewa iliyopo nje, na springi inayozuia mlango wa tabo, ule unaopunguza presha, usifunguke inasaidiwa na hewa hiyohiyo. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari na hewa yake ina presha ya kama bar 0.83. Jumlisha 1.2, injini inapata 2.03. Teremka mpaka Mariakani, ambako hewa inakaribia bar 1, na jumla inapita 2.1. Ukifika Likoni ni 2.21. Saa bado inasoma 1.2 ileile! Karibu asilimia 9 imeingia na hakuna aliyeiomba. Kompyuta ya gari inaiona hewa hiyo na kuongeza petroli, lakini taimingi, yaani wakati wa plagi kuwasha, inaisoma kwenye safu ya juu ya ramani (jedwali lake la ndani), safu ambayo fundi wa Nairobi hakuigusa kwa sababu kule injini haikuwahi kufika. Ongeza joto la nyuzi 32, na intakula ya Subaru iliyolala juu ya injini, ikichomeka kila unaposimama nyuma ya malori. Ongeza na petroli: injini hii ilipangiwa haioku, petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kiwango chake ni okteni (kipimo cha kustahimili kugonga) 96 kwenda juu.

Mimi nikiletewa Forester nzima ya farasi 220, naipeleka 270 bila kuifungua na nalala usingizi. Nzima maana yake nimepima kompresheni na uvujaji wa kila silinda kwanza, kwa sababu magari haya yana karibu miaka 20 au zaidi na mengi huletwa kuongezwa nguvu yakiwa tayari yanakunywa oili. Pampu ya petroli nabadilisha bila kuuliza bei. Zaidi ya 300 nataka pistoni za kufuliwa. Mwenye Toyota Mark II yenye injini ya 1JZ-GTE atanicheka, na ana haki: silinda sita, bloki la chuma, watu wameivusha 400 na vitu vya ndani vya kiwandani. Hata hiyo nimeiona pistoni yake ikiwa na tundu, kwa sababu ya nozeli moja ya petroli iliyoziba.

Yule kijana alipanda treni kurudi, gari likabaki kwangu wiki tano. Nilifunga pistoni za kufuliwa, nikatupa ile skrubu, nikairekebisha hapahapa pwani kwa bar 1. Juzi akanipigia kutoka Nairobi.

"Fundi, gari limelegea."

"Saa inasoma ngapi?"

"Bar 1, kama ulivyoiacha."

Nikamwambia nguvu zilizopungua ziko Mombasa, azifuate Disemba.