Anavuruga Kipindi Gani?

Mzazi akiitwa shuleni, mara nyingi huambiwa kwamba kijana wake ni mtundu na ana dharau. Sisi tunaofanya kazi ya ushauri na unasihi kwa wanafunzi hapa Moshi, kabla ya yote humuuliza mwalimu: anavuruga kipindi gani?

Jibu hufungua mengi. Mtoto aliyesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, pale Pasua au kule Uru, anaingia kidato cha kwanza na kukuta fizikia, jiografia na hisabati vyote ni Kiingereza. Alikuwa akifanya vizuri. Leo hata swali linauliza nini hajui. Kukosea mbele ya wenzake ni aibu, na kuchekesha darasa kunamwepusha nayo. Mwalimu akimtoa nje, amepata alichokuwa anakitafuta, na kesho atarudia. Utamtambua kwa sababu kwenye kipindi cha Kiswahili, au uwanjani, hana neno na mtu. Huyu afafanuliwe istilahi kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kujibu kwanza kwa maandishi. Kila kipindi anachokaa nje kinamwacha nyuma zaidi.

Kama vurugu ni za asubuhi tu, uliza amefikaje shuleni. Makonda wamemwacha kituoni kwa kuwa nauli ya mwanafunzi ni ndogo, getini amechapwa kwa kuchelewa, na tumboni hamna kitu. Mwalimu wa kipindi cha kwanza anapokea hasira ambayo si yeye aliyeianzisha.

Wapo pia wanaoadhibiwa kwa ugonjwa, na hili linaniumiza sana. Mtoto ambaye masikio yanatoa usaha mara kwa mara anaweza kupungukiwa usikivu. Akiitwa haitiki, anaambiwa ni jeuri. Mwingine hukodoa macho sekunde chache, kalamu imesimama, kisha anaendelea kuandika kana kwamba hakuna kilichotokea: hiyo yaweza kuwa aina ya kifafa, nayo ina dawa. Apelekwe hospitali, Mawenzi au KCMC, akapimwe. Na kwa wenzetu wa ukanda wa Meru, ambako maji ya sehemu nyingi yana madini mengi ya floraidi, mtoto asiyefungua mdomo darasani huenda anaficha meno yaliyogeuka kahawia.

Mtoto mtulivu akibadilika ghafla, fikiria msiba, ugomvi wa wazazi, au ukatili, ukiwemo wa kingono. Aulizwe faraghani na mtu anayemwamini, si mbele ya ofisi nzima ya walimu. Ukihisi ukatili, mwone afisa ustawi wa jamii au piga 116, namba ya kusaidia watoto.

Aliyempiga mwenzake bado atawajibika. Lakini kwa wiki mbili mwalimu aandike kwenye daftari: saa, kipindi, kilichotangulia, alichofanya mtoto na kilichofuata. Mzazi naye aandike saa za kulala, alichokula na waliomo nyumbani. Siku ya kikao, madaftari yote mawili yafunguliwe mezani, na mtoto mwenyewe awepo.