Mbolea na Vijidudu Rafiki wa Mizizi Katika Kitalu cha Miti

Mche mrefu wenye majani mabichi huvutia mnunuzi, lakini ubora wake haujulikani mpaka kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea, kichanwe na mizizi ionekane. Mara nyingi mche wa namna hiyo umelishwa urea kupita kiasi: shina limerefuka bila kunenepa, mizizi ni michache, na ukihamishiwa shambani hushindwa kujitafutia maji.

Katika udongo wenye uhai, miti mingi husaidiwa na kuvu waitwao maikoriza, ambao mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank, aliwaeleza na kuwapa jina hilo mwaka 1885. Kuvu hao hutandaza nyuzi nyembamba kupita pale mizizi inapofika, hufyonza hasa fosforasi, ambayo husogea kwa shida sana udongoni, kisha hupokea sukari kutoka kwa mti. Msonobari huwategemea mno. Ulipopelekwa katika nchi nyingi za tropiki ambako haukuwa mti wa asili, miche ilidumaa na kugeuka njano hadi ulipoletwa udongo wenye kuvu wake. Mche wa msonobari uliokwisha kuwapata hutambulika kwa macho, kwani ncha za mizizi yake huwa fupi, nene na zenye panda. Kwa migunga, kuvu huishi ndani ya mizizi na hawaonekani bila hadubini.

Migunga na mlusina, ambayo ni miti ya jamii ya kunde, hushirikiana pia na bakteria aina ya raizobia, wanaojenga vinundu mizizini na kugeuza naitrojeni ya hewa kuwa chakula cha mmea. Pasua kinundu kwa ukucha: kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, kinafanya kazi, kikiwa cha kijani au kijivu, hakina msaada wowote. Si kila mti wa jamii ya kunde una vinundu, maana mjohoro hauna, na mvinje, ambao si wa jamii hiyo, hupata vinundu vyake kwa bakteria wengine waitwao Frankia.

Hapa ndipo mbolea inapohitaji kipimo. Mche uliojaziwa naitrojeni huunda vinundu vichache, na uliojaziwa fosforasi huwapa kuvu nafasi ndogo, kwa sababu hauna haja ya kuwalipa sukari kwa kitu ambacho tayari unacho. Hata hivyo sikubaliani na wanaoacha mbolea kabisa, kwa kuwa udongo maskini wa fosforasi hudhoofisha vinundu vyenyewe. Gramu 10 za NPK 17:17:17, mbolea ambayo asilimia 17 yake ni naitrojeni, zikiyeyushwa katika lita 10 za maji hutoa miligramu 170 za naitrojeni kwa kila lita, kiwango cha wastani kwa miche iliyokwisha kushika. Baada ya kunyunyizia, majani yasuuzwe kwa maji safi ili chumvi isiyaunguze. Samadi nayo itumike ikiwa imeoza vizuri, kwani mbichi huunguza mizizi michanga. Wiki chache kabla ya kupanda, punguza naitrojeni, kivuli na maji kidogo kidogo ili shina likomae.

Vijidudu hivi vinaweza kupatikana kwa kuchota udongo wa juu, wenye vijizizi, chini ya miti mikubwa yenye afya ya aina ileile, na kuuchanganya na udongo wa viriba. Njia hii ni rahisi, ila inaweza kuleta magonjwa na minyoo fundo inayoshambulia mizizi, hivyo kitalu kikubwa kingefanya vyema kutumia chanjo, yaani vijidudu rafiki vilivyotayarishwa maabara. Chanjo ya raizobia ni bakteria hai: ihifadhiwe mahali pa baridi pasipo jua, ipakwe kwenye mbegu kivulini, na isichanganywe na dawa za kuua vimelea wala mbolea ya chumvichumvi. Wiki sita hadi nane baada ya kuotesha, fungua viriba vichache kutoka pembe mbalimbali za kitalu. Vinundu visipoonekana, mwagia miche chanjo mpya iliyokorogwa katika maji, wakati wa jioni.