Spishi vamizi: kwa nini boti hukaguliwa kabla ya kushushwa ziwani

Spishi vamizi ni mmea, mnyama au kiumbe kingine ambacho binadamu amekifikisha, kwa kukusudia au bila kujua, mahali ambapo hakikuwapo kiasili, kisha kikazaliana hadi kudhuru viumbe wenyeji, riziki za watu au afya zao. Ugeni peke yake hautoshi, lazima na madhara yawepo. Mahindi yalitoka Amerika na hakuna anayeyaita vamizi. Magugu maji nayo asili yake ni Amerika Kusini, lakini tangu yaonekane katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980 yamekuwa yakiziba mialo na kunasa mitumbwi, na mvuvi wa Kisumu anaijua hasara hiyo vizuri.

Nchini Marekani, watu wengi hukutana na dhana hii kwenye mteremko wa umma wa kushushia boti. Mtu amefunga boti kwenye trela, ameendesha gari saa mbili au tatu akitaka kuvua samaki, halafu anamkuta mkaguzi. Anaulizwa boti ilikuwa ziwa gani mara ya mwisho, anafunguliwa injini, anapapaswa upande wa chini wa boti, na pengine anarudishwa.

Anayetafutwa hasa ni kome pundamilia. Kome huyu, kiumbe mdogo wa majini mwenye gamba lenye milia, asili yake ni maeneo ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Aligunduliwa mwaka 1988 katika Ziwa St. Clair, kati ya Michigan na Kanada, akiwa ameletwa na meli katika yale maji zinayobeba tumboni ili zisiyumbe. Mwaka uliofuata mji wa Monroe, Michigan, ulikosa maji ya bomba kwa sababu kome walikuwa wamesongamana kwenye mitambo ya kuvutia maji kutoka Ziwa Erie. Ndugu yake, kome kwaga, alipatikana Ziwa Mead, kwenye Mto Colorado, Januari 2007. Mwaka 2024 aliongezeka kome wa dhahabu kutoka Asia, aliyeonekana kwa mara ya kwanza Amerika Kaskazini katika bandari ya Stockton, California.

Kome mzima unaweza kumwona, au ukamhisi kwa vidole kama chenga za mchanga zilizogandamana. Vichanga vyake ndivyo vinavyotisha. Jike mmoja anaweza kutoa mayai hadi milioni moja kwa mwaka, na vichanga vinavyotoka huelea majini bila kuonekana kwa macho. Maji yaliyobaki kwenye tangi la kuhifadhia samaki, kwenye ndoo ya chambo au ndani ya injini yanaweza kuwa yamevibeba, hata kama boti inang'aa. Kwa hiyo mkaguzi anayemrudisha mtu hamwambii kwamba ni mchafu. Shaka yake iko kwenye maji. Nadhani ugomvi mwingi kwenye miteremko hiyo ungepoa kama jambo hili lingeelezwa mapema.

Kanuni zenyewe hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, ila msingi wake ni safisha, mwaga, kausha. Minnesota, sheria inataka uondoe mimea yote kwenye boti na trela, umwage maji, na usafiri barabarani kizibo cha kutolea maji kikiwa kimeondolewa. Chambo kilichobaki hutupwa kwenye pipa la taka, si ziwani. Gati la kuhamishika au mtambo wa kunyanyulia boti ukitolewa ziwa moja, lazima ukae nchi kavu siku 21 kabla ya kuingizwa ziwa jingine.

Malalamiko ya wenye boti yapo, na mengine yana haki kabisa. Wanauliza kwa nini wao, wakati ndege huruka kutoka ziwa hadi ziwa. Hapo ushahidi hauwaungi mkono sana, kwa maana kome hawa wamesambaa zaidi kwa kufuata njia za trela na meli. Lakini wanapouliza kwa nini mteremko wa umma ufungwe au uwekewe saa, huku mwenye nyumba ufukweni akishusha boti yake kwenye gati la nyumbani bila kuulizwa, wana hoja. Ziwa ni la watu wote, na mteremko ule ndio mlango pekee wa yule asiye na kiwanja pembeni mwa maji. Mwaka 2017 kaunti ya Wright, Minnesota, ilijaribu kuelekeza boti za maziwa machache kwenye kituo kimoja cha ukaguzi mjini Annandale badala ya kukagua kwenye kila mteremko, na wavuvi wengi walipinga. Walihofia mzunguko wa safari, foleni, na kila kaunti kuwa na kanuni zake. Kanuni inayolinda ziwa kwa kumfungia nje maskini wa ziwa hilo naiona ina kasoro, hata kama kome hawajaingia.

Wasiwasi mwingine ni wa kiufundi. Kome huuawa kwa maji ya moto ya nyuzi 60 hivi za Selsiasi yanayopigwa kwenye bodi, na watu huhofia pampu na mipira ya ndani. Kwa sababu hiyo sehemu za ndani huoshwa kwa maji yenye joto pungufu, karibu nyuzi 49. Boti za kutengenezea mawimbi, zinazojazwa maji ndani ili ziwe nzito, zina tabu zaidi, kwani matangi yake ya maji hayo hayakauki yote hata yakifunguliwa.

Ziwa Tahoe, mpakani mwa California na Nevada, ukaguzi umekuwa wa lazima tangu 2008, na huko wamepata njia ya kupunguza usumbufu. Boti inapotoka majini hufungwa kwa lakiri ya waya inayoiunganisha na trela. Lakiri ikibaki nzima, ni dhahiri boti haijaingia maji mengine, na mwenyewe akirudi hahitaji kukaguliwa upya.